Kashata si pipi?

Kijijini kwetu Kiegei, duka likikosa chenji mtoto alirudishiwa pipi. Bibi yangu hakuziita pipi. Yeye alisema peremende. Mimi nikadhani ni Kiswahili cha wazee tu, kumbe ni neno la Kiingereza, peppermint, lililolainishwa na midomo ya Waswahili. Hata halua ni Kiarabu, na asili yake ni utamu wenyewe.

Bibi alikaanga karanga, akayeyusha sukari, akakata kashata. Niliona aibu kwenda nazo shuleni, maana wenzangu walikuwa na pipi za dukani.

Nilikuja kusoma ukubwani kwamba miaka ya 1940 Waingereza walileta matrekta Nachingwea, wakajenga na reli, yote kwa ajili ya karanga. Mwaka 1951 mradi ukafa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Reli nayo baadaye iling'olewa.

Bibi alikuwa na jembe la mkono na sufuria moja, na karanga zake zilitosha kila mwaka. Kilichowashinda wenye matrekta, mimi nilikificha mfukoni. Leo ukiniuliza pipi ya kwetu ni ipi, nitakutajia kashata, bila aibu.