Bakteria Haanguki, Hugaagaa

Orodha ya istilahi iliyonifikia karibuni imeamua kwamba mwendo wa bakteria E. coli uitwe "mbio na mianguko". Ningependa kuwauliza wanakamati, kwa heshima zote wanazostahili: ni nini kilichoanguka, na kimeangukia wapi? Kiumbe wa maikromita 2 hivi, ambaye maji kwake ni mazito kama asali, haangukii popote. Tangu 1972, Howard Berg na Douglas Brown walipomfuatilia kwa hadubini iliyomwandama kila aendako, tunajua afanyalo: huenda moja kwa moja takriban sekunde 1, kisha, kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mijeledi yake hufumuka, akajigeuzageuza papo hapo, akashika upande mwingine. Huko ni kugaagaa.

Na neno hilo tunalo. Gaagaa ni ndugu wa galagala. Kiswahili kina mazoea ya kuimeza l iliyo kati ya irabu, na hapa kimeziweka hai sura zote mbili. Umbo lake limerudufiwa, kama tangatanga na yumbayumba, yaani kitendo kinachojirudia bila upande maalumu. Fizikia ya kitakwimu, inayochunguza mwendo kama huu, ingetaka nini zaidi? Waliosema mgaagaa na upwa hali wali mkavu walijua kuwa ahangaikaye huku na huku hupata kitoweo, naye E. coli, akielekea penye chakula zaidi, hupunguza kugaagaa, mbio zikarefuka. Nimeambiwa, na mtu nisiyemtaja kwa kuwa anajijua, kwamba kugaagaa ni kwa mgonjwa kitandani. Mgonjwa huyo naye hubadili ubavu pasipo kwenda mbali. Sioni pingamizi hapo, naona ushahidi.

"Mpinduko", unaopendwa na kambi nyingine, una kasoro ya hesabu: kupinduka ni nyuzi 180, ilhali wastani wa mgeuko uliopimwa na Berg na Brown ni nyuzi 68 hivi.

Matumizi: mgaagao, wingi migaagao, marudio ya mgaagao, modeli ya mbio na mgaagao, ikiwemo ile ya wanafizikia Tailleur na Cates ya 2008, ambamo bakteria wapunguzao mwendo penye msongamano huishia kujitenga, huku wengi, kule wachache.

Pendekezo hili nililiwasilisha kwa maandishi kabla orodha haijapigwa chapa. Nilijibiwa kwamba neno ni la kipwani mno.