Wasafiri na Wasafirishwa katika Historia ya Unguja

Mgeni azuruye Mji Mkongwe wa Unguja aghalabu huonyeshwa vitu vilivyosimama: majumba ya mawe, milango ya nakshi, misikiti na Ngome Kongwe. Vitu hivyo vina thamani kubwa, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mji huu ni zao la mwendo wa watu pia. Wanazuoni wa historia, lugha na fasihi katika nchi nyingi wamekuwa wakikutana kuujadili mwendo huo. Sisi tulio Unguja tunalo swali la kuwaongezea: katika safari hizo, nani alisafiri, na nani alisafirishwa?

Tuanze na pepo. Upepo wa kaskazi, uvumao tangu Desemba hadi Machi, ulileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Upepo wa kusi ukayarudisha makwao. Kwa kuwa upepo haumngojei mtu, bali mtu ndiye aungojeaye, wageni walikaa Unguja kwa miezi. Walifanya biashara, wakaoa, wakajifunza lugha, na wengine hawakurudi tena.

Ng'ambo ya mkondo, misafara iliondoka Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji kutafuta pembe za ndovu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo kwa ujira. Lakini wapo waliotembezwa kwa minyororo, wakapakiwa vyomboni na kuuzwa katika soko la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba baina ya Seyyid Barghash na Waingereza. Hao nao walivuka nchi na bahari, ila hapana aliyewauliza kama wanataka kwenda.

Tofauti hiyo hudhihirika hata katika maandishi. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliandika kwa Kiswahili habari za maisha na safari zake. Kitabu hicho ni hazina ya lugha yetu. Hata hivyo, ni kauli ya mwenye msafara. Waliobeba pembe zake hawakutuachia kitabu.

Mfano wa pili ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa angali mtoto, akauzwa Unguja na kupelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarejea Afrika. Mwaka 1857 alifuatana na Burton na Speke. Baadaye akawa pamoja na Stanley, kisha na Cameron, ambaye msafara wake uliondoka Bagamoyo mwaka 1873 na kufika pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Hivyo mtu aliyesafirishwa akawa kiongozi wa wasafiri. Lakini habari zake nazo twazipata katika vitabu vya wageni aliowaongoza.

Hata hivyo, watu hao wasioandika hawakutuacha mikono mitupu. Kiswahili kilifika bara kwa midomo ya wapagazi, watumwa na wachuuzi, kambi kwa kambi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uliteua lahaja ambayo miguu ya watu hao ilikuwa imekwisha kuieneza mbali.

Basi walimu wawapelekapo wanafunzi bandarini, wasiishie hapo. Wawafikishe na Mkunazini. Wapo miongoni mwetu wanaojivunia babu aliyekuja kwa jahazi, na kumnyamazia bibi aliyeletwa kwa mnyororo. Unyamavu huo haumfichi bibi. Huipunguza historia yetu. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua, si ya aliyeuzwa. Kijana afundishwe kuwataja wote wawili kwa heshima moja, kwani wote wawili ni wazee wake.