Nani Humshauri Mwanafunzi? Tahasusi, Mkopo na Ajira Tanzania

Machi 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, yaani michanganyiko ya masomo, juu ya 16 zilizokuwapo. Vijana waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2023 walikuwa wamekwisha kujaza Selform, fomu ya machaguo, wakizijua tahasusi za zamani tu, kama PCM, PCB na HGL. Wakafunguliwa mfumo wabadilishe machaguo yao kabla ya kupangiwa shule. Walipewa wiki chache tu, na kwa kuwa walikuwa wamemaliza shule, walimu hawakuwa karibu nao.

Mjadala uliofuata ulirudia hoja iliyozoeleka: shule hazina washauri wa kutosha, waajiriwe. Uhaba huo haubishaniwi. Mwalimu wa unasihi ana vipindi vya kufundisha kama wenzake, na mara nyingi alipewa jukumu hilo bila kulisomea. Kinachobishaniwa hapa ni dhana iliyo nyuma ya hoja hiyo, kwamba pasipo mshauri hapana ushauri. Mtafiti Mwingereza A. G. Watts aligawa mitazamo ya huduma ya ushauri wa masomo na kazi katika makundi manne, kuanzia ule unaolinda mpangilio wa jamii hadi ule unaomwacha mtu achague mwenyewe. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini unamtanguliza mshauri na mteja wake. Tanzania kijana amekuwa akishauriwa zaidi na fomu, nafasi za masomo na fedha, na sauti ya hivyo vyote imebadilika kila uchumi ulipobadilika.

Mpango wa Maendeleo wa 1964–1969 ulilenga nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi ya juu ifikapo 1980. Wapangaji walihesabu nafasi za kazi, wakagawa nafasi za masomo kufuatana nazo, na mhitimu alipangiwa kituo. Uhuru wa kuchagua ulikuwa mdogo, ila aliyemwelekeza kijana ndiye aliyekuja kumwajiri.

Kiungo hicho kati ya anayeelekeza na anayeajiri kilikatika taratibu baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi, na wanafunzi wakaanza kuchangia gharama za elimu ya juu. Kazi ya kupangiwa ikatoweka, lakini maelekezo yakabaki. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, vipaumbele vyake vya ukopeshaji, kama ualimu wa sayansi, udaktari na uhandisi, viligeuka ushauri wenye nguvu kuliko wa mwalimu yeyote. Kwa mtoto wa mkulima asiye na ada, kozi yenye mkopo ndiyo kozi iliyopo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Sekondari za kata zilikuwa zimeongezeka kwa kasi, walimu wa sayansi hawakutosha, na Serikali ikawaita vijana wa kidato cha nne wajiunge, kwa mkopo. Waliitikia kwa maelfu. Mei 2016 zaidi ya 7,000 walirudishwa nyumbani, baada ya wahadhiri kusitisha kuwafundisha, na viongozi wa nchi wakahoji sifa zao za kuwa chuo kikuu. Wengi walihamishiwa baadaye vyuo vya ualimu. Je, mshauri bora shuleni angewaokoa? Ni vigumu kuamini. Angesoma tangazo lile lile, na kwa taarifa alizokuwa nazo angewaambia waende.

Yupo atakayesema kwamba kupanga nafasi na kukopesha si kushauri. Kwa istilahi ni kweli. Lakini kijana aliyeko Sumbawanga au Masasi hapimi istilahi. Anaangalia mlango upi uko wazi, na Serikali inayofungua mlango haiwezi kukwepa wajibu wa kumweleza kilicho ndani.

Wajibu huo unaweza kutekelezwa kuanzia kwenye taarifa zilizopo. Mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika wa mkopo na kuiwasilisha Bodi ya Mikopo. Kwa hiyo Bodi inaweza kujua wahitimu wa kozi gani wameingia katika ajira rasmi, na baada ya miaka mingapi. Takwimu hizo zikijumlishwa bila majina na kuwekwa kando ya kila tahasusi, mwanafunzi atakuwa na kitu cha kupima kabla ya kujaza Selform. Hazitamwonyesha fundi, mfanyabiashara wala mkulima, ambao ndio wengi, na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioanza na mtaala mpya wa 2024 utahitaji chanzo kingine. Hata hivyo, kwa anayechagua leo kati ya tahasusi 65, zitamwambia mengi kuliko jina la tahasusi lenyewe.