Miaka 40 ya kukiona kidole tumbo bila kisu

Mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 40 tangu Julien Puylaert, daktari wa Uholanzi, aonyeshe kuwa kidole tumbo kilichovimba huonekana kwa ultrasaundi. Mtoto wa Bokoli, kaunti ya Bungoma, anayelia tumbo usiku anastahili ujuzi huo kama wa Nairobi.

Kabla ya hapo njia ilikuwa kisu: daktari Claudius Amyand alikikata kidole tumbo cha mvulana wa miaka 11 jijini London mwaka 1735. Mwaka 1886 Reginald Fitz wa Boston akaupa ugonjwa huo jina, na 1889 Charles McBurney akaonyesha pa kubonyeza, chini kulia mwa tumbo. Daktari akishuku, alipasua.

Kwetu Afrika Mashariki ubishi ulikuwa mwingine. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alishikilia kwamba vijijini ugonjwa huu ni nadra. Aliziandikia hospitali za misheni akiuliza wamepata wagonjwa wangapi. Yeye na wenzake walipima hata choo: mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, mwanamaji wa Uingereza kama 100. Mwaka 1971 Burkitt aliandika kwamba kinga ni nyuzinyuzi za chakula, zile zilizomo katika maharagwe, viazi vitamu na ugali wa wimbi. Mwaka 1985 David Barker wa Uingereza akampinga: chanzo ni mabadiliko ya maji na usafi majumbani, wala si sahani.

Nadhani sifa hiyo ya unadra imetugharimu. Mtoto wa kijijini akishika tumbo, hutajwa kwanza malaria, minyoo au taifodi, na wakati huo kidole tumbo kinapasuka. Wadogo chini ya miaka mitano, wasioweza kueleza panapouma, ndio huumia zaidi.

Hapo ndipo ultrasaundi husaidia. Puylaert alikandamiza kifaa polepole juu ya tumbo: utumbo wenye afya hubonyea, kidole kilichovimba hakibonyei. Kwa mtoto mwembamba picha hutoka vizuri, bila mionzi. Mwaka 2002 Madan Samuel alitunga alama 10 za kupima uwezekano wa ugonjwa huu kwa watoto: homa, kutapika, kukataa chakula, maumivu yanayohama, kipimo cha damu. Mtoto akiumia anapokohoa au kurukaruka, alama 2. Sehemu kubwa ya hayo haihitaji mashine.

Kaunti ya Bungoma ibandike alama hizo katika kila chumba cha daktari wa zamu, kuanzia Bokoli hadi Webuye. Na msomaji wa ultrasaundi apatikane saa nane za usiku, kabla familia haijaanza kutafuta bodaboda.