Ruta yangu ya WRT54GL: niitupe au niibakishe?

Kijana aliyekuja kutuunganishia faiba nyumbani alitazama ukutani, akaona kile kijisanduku cheusi na samawati chenye antena mbili, akacheka. "Mzee, hii bado inafanya kazi?" Nikamwambia inafanya kazi tangu 2007. Akasema nitalipia megabiti 60 kwa sekunde na kupata 20. Nilikasirika kidogo. Alipoondoka nikapima. Nilipata 21.

Basi tangu siku hiyo najiuliza kama wakati wake umefika. Lakini wasomaji wangu, kabla sijawapa jibu hebu niwasimulie habari za chombo chenyewe, maana sisi waandishi wa programu tuna deni nacho.

Linksys walitoa WRT54G mwishoni mwa 2002. Hiyo 54 ni megabiti 54 kwa sekunde, kasi ya kiwango cha 802.11g, ambacho wakati huo kilikuwa hata hakijapitishwa rasmi. Kilipitishwa Juni 2003. (Kasi hiyo ni ya kwenye karatasi. Ukitoa yale ambayo redio zinaambiana zenyewe, hubaki chini ya nusu. Ndiyo maana nilipata 21, wala ruta haikuwa na ugonjwa wowote.) Machi 2003 Cisco wakatangaza kuinunua Linksys kwa hisa za dola milioni 500 hivi. Na ndani ya kijisanduku hicho kulikuwa na Linux.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Juni 2003 Andrew Miklas aliandika kwenye orodha ya barua pepe ya watengenezaji wa kiini cha Linux, akaeleza kuwa ruta hii inauzwa ikiwa na programu za leseni ya GPL bila wanunuzi kupewa msimbo wake. GPL haina mafumbo: ukisambaza programu hiyo, aliyeipokea ana haki ya kuupata msimbo. Mwaka huohuo msimbo ukatolewa. Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza, ukijengwa juu ya msimbo huo, na watu wa kawaida wakawa wanaandika upya ubongo wa ruta zao. Kule Berlin, jumuiya ya Freifunk ilizitumia kusuka mtandao wa mtaa, ruta ya jirani ikipokezana data na ya jirani mwingine. Huku Afrika, watafiti wa Meraka walifanya vivyo hivyo Peebles Valley, katika mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, kwa antena za kujitengenezea kwa mikebe.

Mwishoni mwa 2005 Linksys wakabana matumizi. Toleo la 5 la WRT54G likaja bila Linux: ndani mna VxWorks, kumbukumbu ya kufanyia kazi imepunguzwa kutoka megabaiti 16 hadi 8, na ya kuhifadhia kutoka 4 hadi 2. Sura ya nje ni ileile! Ilibidi usome maandishi chini ya sanduku ujue umenunua nini. Waliotaka Linux wakauziwa modeli nyingine iliyobaki na matumbo ya zamani, WRT54GL, na hiyo L ni ya Linux. Modeli hiyo iliendelea kuuzwa hata 2016. Yangu ni hiyo, niliinunua Luthuli Avenue.

Na mnakumbuka hali yetu 2007. Intaneti ya Kenya ilikuwa ikipanda setilaiti na kushuka. Laini yangu ilikuwa kilobiti 256, hivyo ruta ilikuwa barabara ya lami inayoishia kwenye kichochoro. Kisha 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa, na miaka iliyofuata faiba ikaanza kuingia mitaani. Kichochoro kikageuka barabara kuu, na sasa ruta yangu ndiyo kichochoro.

Kasi ningeivumilia. Bintiye dada yangu, anayekaa nasi na kusomea mtandaoni, haivumilii ("Mjomba, imekwama tena"), lakini hilo lingetatuliwa kwa waya. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Msimbo uliotolewa 2003 ulikuwa na shimo: kiendeshi cha redio, kazi ya Broadcom, kilikuja kama faili iliyofungwa, iliyoundwa kwa Linux 2.4. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka redio ifanye kazi vizuri alilazimika kubaki na kiini hicho cha kale. Wengine walichunguza vipande hivyo hadi wakaandika kiendeshi huria, b43, ila kufikia hapo Linux yenyewe ilikuwa imenenepa. Leo megabaiti 16 hazitoshi. OpenWrt wenyewe waliacha kuzihudumia hata ruta zenye 32 baada ya toleo la 19.07. Kwa hiyo OpenWrt hawazibi tena mashimo ya usalama katika ruta yangu, na mimi peke yangu siwezi.

Mei 2025 FBI walitoa onyo kuwa wahalifu wanaziteka ruta zilizoachwa na watengenezaji na kuzitumia kuficha nyendo zao, wakataja modeli kadhaa za Linksys. Yangu haimo katika orodha hiyo, lakini ni ya zamani kuliko WRT310N iliyomo. Na kupitia ruta hiihii mke wangu hufanya kazi za ofisini na mimi hufungua seva za wateja.

Nimenunua nyingine. Sikuangalia idadi ya antena wala picha za kwenye boksi. Nilifungua kwanza jedwali la OpenWrt la vifaa wanavyovihudumia, nikatafuta yenye angalau megabaiti 128 za kufanyia kazi na 16 za kuhifadhia, kisha nikaenda dukani na jina la modeli pamoja na namba ya toleo. Muuzaji alinishangaa nilipogeuza sanduku kusoma chini yake.

Ile ya zamani nimeizima redio na kuiondoa upande wa intaneti. Sasa inagawa waya tu kati ya printa na tarakilishi mbili za mezani, megabiti 100 kila tundu, na inatosha. Antena nimezifungua nikaziweka kwenye droo.