Mawe ya Culloden

Ukitoka mji wa Inverness, kaskazini mwa Uskoti, ukaelekea mashariki mwendo wa maili tano hivi, utafika kwenye uwanda wenye upepo mkali na ardhi ya kinamasi. Hapo umesimama mnara wa mviringo uliojengwa kwa mawe, kimo chake futi 20. Kando ya njia yamepangwa mawe mafupi, nayo yamechongwa majina: Fraser, Cameron, Mackintosh, Stewart wa Appin. Hayo si majina ya watu, msomaji, bali ni majina ya koo. Neno la Kigaeli ambalo Waskoti wa milimani waliuitia ukoo lina maana ya watoto, kwa kuwa wote walijihesabu kuwa wana wa babu mmoja.

Tarehe 16 Aprili 1746 Charles Edward Stuart alipigana hapo. Babu yake aliondolewa katika kiti cha enzi mwaka 1688, naye alikuja kukirudisha. Majeshi ya serikali yaliongozwa na Duke wa Cumberland, mwana wa Mfalme George wa Pili. Watu wa Charles walikuwa kama 5,500, nao walikuwa hoi. Usiku uliotangulia walikwenda gizani ili kuwashambulia adui kambini, wasiwahi, wakarudi alfajiri wakiwa na njaa. Siku nzima ya jana yake kila mtu alipewa biskuti moja tu. Walakini waliamriwa kusimama. Mizinga ikawapiga kwanza, hata walipoachiliwa kukimbilia adui na panga zao, kinamasi kikawazuia. Vita havikutimiza saa moja. Waliouawa au kujeruhiwa upande wao walikuwa baina ya 1,500 na 2,000. Upande wa serikali walikufa askari kama 50.

Majeruhi wengi waliuawa pale pale walipolala. Kisha zikaja sheria: wenye koo wakanyimwa mamlaka ya kuwahukumu watu wao, na tangu mwaka 1747 hata mwaka 1782 mwanamume wa milimani alikatazwa kuvaa vazi la wazee wake.

Basi, mnara ulijengwa mwaka 1881, yaani miaka 135 baada ya vita. Aliyeujenga, na kuyasimamisha mawe ya koo, ni Duncan Forbes, mwenye shamba la Culloden. Hapa nakuomba utulie kidogo. Wakati wa vita shamba hilo lilikuwa la Duncan Forbes mwingine wa ukoo huohuo, hakimu mkuu wa Uskoti, naye alikuwa mtu wa serikali, ajapokuwa aliwaombea rehema walioshindwa. Hivyo ni mtu wa nyumba iliyompinga Charles ndiye aliyewawekea wafuasi wake alama ya makaburi.

Maandishi ya mnara yanasema kwamba mashujaa hao walipigania Uskoti. Mimi sina ugomvi na heshima hiyo, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: je, katika jeshi la Cumberland hawakuwamo Waskoti? Walikuwamo, vikosi kadhaa, pamoja na watu wa ukoo wa Campbell. Tazama tena jiwe la Mackintosh. Mkuu wa ukoo huo alikuwa kapteni wa serikali; mkewe, Anne, ndiye aliyewakusanya watu wa ukoo wampiganie Charles. Mume alipotekwa nyara mwaka huohuo, alikabidhiwa kwa mkewe amlinde! Aliyewaongoza watu hao vitani alikuwa Alexander MacGillivray, akafa karibu na kisima ambacho hata leo huitwa Kisima cha Wafu.

Tena wengi waliokufa hawakuchagua. Mwenye ardhi akiita, mpangaji aliitika, au paa la nyumba yake lilichomwa moto. Hayo hayakuandikwa juu ya jiwe lolote.

Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 16 Aprili, watu hukusanyika mbele ya mnara, sala husomwa kwa Kigaeli na mashada ya maua huwekwa. Wako watokao mbali, maana wajukuu wa koo hizo walitawanyika hata Kanada, Marekani na Australia, na kila mmoja hutafuta jina lake. Jiwe moja limeandikwa tu kwamba hapo wamelala watu wa koo zilizochanganyika.