Neno "Chief" na Mtemi wa Ntuzu

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari za neno moja la Kiingereza, nalo ni "chief". Asili yake ni Kilatini, caput, maana yake kichwa. Likapitia kwa Wafaransa, na kwa njia hiyo limekuwa ndugu wa "chef", yule mkuu wa wapishi. Kwa Kiingereza karani mkuu huitwa kwa neno hili, na jaji mkuu vivyo hivyo, na hata sababu iliyo kubwa kuliko nyingine. Kiswahili chetu kina mkuu, kiongozi, jumbe, sultani na mfalme. Wala hapana hata moja lililo sawasawa nalo.

Basi na twende Bariadi, katika nchi ya Ntuzu, ambayo zamani za Waingereza ilihesabiwa katika wilaya ya Maswa. Huko mtawala aliitwa ntemi. Husemwa kwamba jina hilo latokana na kutema, yaani kukata: ndiye aliyefyeka msitu wa kwanza, au ndiye akataye maneno ya watu barazani. Ntemi hakujiweka mwenyewe. Wazee wa jadi, banang'oma, ndio waliomchagua, na desturi ya kale ya Usukuma ilimtazama mtoto wa dada yake mtemi aliyekufa, si mwanawe. Tena alidaiwa mvua. Mvua ikikosekana, watu waliweza kumwondoa, akatafutwa mwingine.

Wadachi walipokuja walimwita sultani, jina la pwani lisilojua lolote la mvua. Baada yao Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, walitoa sheria ya utawala wa wenyeji mwaka 1926, na ntemi akaandikwa "chief". Hapo ndipo penye shida. Alipewa mshahara, na kodi, na baraza la hukumu. Na kumwondoa kukawa ni shauri la Serikali. Mkulima aliyeyatazama mawingu yakipita juu ya mtama wake bila kunyesha hakuwa tena na mlango wa kubisha. Sisi twaona kwamba neno lile halikuifasiri kazi, bali liliigeuza.

Mwaka 1963 Tanganyika huru iliyafuta madaraka ya machifu. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, makao yake yakiwa Bariadi, aliyewekwa juu yake aliitwa Mkuu wa Mkoa. Nalo neno ntemi likabaki vinywani mwa watu, hata watoto wakapewa kuwa jina.